Moyo wa Mtu Aliyezama: Baridi ya Ziwa Inavyoudhuru na Namna ya Kuuokoa

Wakazi wengi wa Kaunti ya Kisumu wakisikia kwamba mtu anaweza kufa kwa baridi ndani ya maji, hufikiria nchi za mbali zenye theluji na barafu. Ziwa Victoria, au Nam Lolwe kama linavyojulikana na wenyeji, limekatwa na mstari wa ikweta. Mchana wa jua kali, watoto wa Dunga na Usoma huyakimbilia maji yake wapoe. Ndiyo sababu mvuvi anayeokolewa alfajiri akitetemeka, baada ya mtumbwi wake kupinduka usiku, mara nyingi huambiwa aote moto, anywe chai na arudi nyumbani akalale.

Ushauri huo unaweza kumgharimu maisha. Maji ya ziwa hili si baridi kiasi cha kumgandisha mtu, lakini ni baridi kiasi cha kuuchosha moyo wake iwapo atakaa ndani kwa saa nyingi. Vilevile, si baridi kiasi cha kuulinda ubongo wake iwapo pumzi imekatika. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua nini kifanywe mtu anapotolewa majini, na kifanywe kwa haraka gani.

MAJI YA VUGUVUGU, MWILI WENYE JOTO ZAIDI

Joto la kawaida la mwili wa binadamu ni takriban nyuzi 37 za Selsiasi. Maji ya juu ya Ziwa Victoria kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 23 na 28. Hewa yenye joto la nyuzi 25 ni ya starehe, lakini maji yenye joto hilohilo ni jambo jingine, kwa kuwa maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Mtu aliyemo majini hupoteza joto kila dakika, hata kama hahisi baridi mwanzoni.

Upepo na mvua huongeza hasara hiyo. Mtu aliyelowa akikaa juu ya boti iliyopinduka huku upepo ukivuma huendelea kupoa ingawa nusu ya mwili wake iko nje ya maji. Watoto hupoa haraka kuliko watu wazima kwa sababu miili yao ni midogo na ngozi yao ni nyingi ikilinganishwa na uzito wao. Watu wembamba, wazee, waliokunywa pombe na waliokosa chakula pia hupoa haraka.

Madaktari husema mtu ana haipothemia, yaani kushuka kwa joto la mwili, pale joto la ndani linapokuwa chini ya nyuzi 35. Ni nyuzi mbili tu chini ya kawaida.

DAKIKA ZA KWANZA: PUMZI NA MOYO

Mtu anapoanguka majini ghafla, ngozi hupata mshtuko. Hutweta bila kupenda, kisha hupumua kwa kasi. Moyo hupiga mbio, mishipa ya damu ya ngozi hubana, na shinikizo la damu hupanda. Mshtuko huu huwa mkali zaidi katika maji yaliyo chini ya nyuzi 15. Katika Ziwa Victoria huwa hafifu, ila usiku wa mvua mtu aliyetoka jasho kwa kuvuta nyavu bado anaweza kutweta wakati kichwa chake kiko chini ya maji. Pumzi moja ya namna hiyo inatosha kuingiza maji kifuani.

Uso unapozama, mwili hutoa amri nyingine kinyume na ile ya kwanza: moyo upunguze kasi ili kutunza oksijeni. Hivyo moyo hupokea amri mbili kwa wakati mmoja, moja ya kukimbia na nyingine ya kutulia. Kwa mtu mwenye afya njema mvutano huo hupita. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, unaweza kuvuruga mpangilio wa mapigo. Familia ambayo mmoja wao amewahi kuzirai ghafla akiogelea inashauriwa kumpeleka akapimwe moyo, hata kama alipata nafuu papo hapo.

Hatari kubwa zaidi katika dakika hizi ni kukosa hewa. Pumzi ikikatika, oksijeni katika damu hushuka. Kwanza moyo hupiga mbio, kisha hupunguza kasi, hupiga kwa unyonge bila kusukuma damu ya kutosha, na hatimaye husimama. Haya yote huweza kutokea ndani ya dakika chache. Ubongo nao huanza kuharibika baada ya dakika 4 hadi 6 hivi bila oksijeni.

Hapa ndipo tofauti ilipo kati ya moyo wa aliyezama na moyo wa mtu mzima aliyeanguka ghafla sokoni. Wa sokoni mara nyingi moyo wake umepata hitilafu yenyewe, na damu yake bado ina oksijeni. Wa majini moyo wake umesimama kwa kunyimwa hewa. Kwa hiyo kumkandamiza kifua peke yake hakutoshi: anahitaji kupuliziwa hewa, na kupuliziwa kwanza.

Methali husema mfa maji haachi kutapatapa, lakini wengi huzama kimya. Mtu anayetafuta hewa hana pumzi ya kupiga kelele, na mikono yake huyakandamiza maji badala ya kupunga. Mtoto aliyenyamaza ghafla majini ni wa kuangaliwa mara moja.

SAA ZA USIKU: JOTO LINAPOSHUKA

Hali ya pili huwapata zaidi wavuvi. Uvuvi wa omena hufanywa usiku kwa taa, hasa usiku usio na mbalamwezi. Usiku na alfajiri ndipo mawingu mengi ya radi hujijenga juu ya ziwa, kwa kuwa upepo wa nchi kavu huvuma kutoka pande zote na kukutana katikati ya maji yenye joto. Mtumbwi ukipinduka saa nane za usiku, wahusika wanaweza kuning'inia hadi mapambazuko. Wengine hunaswa na magugumaji ya Ghuba ya Winam kwa saa nyingi wakiwa wamelowa. Kichwa kiko juu na pumzi ipo, lakini joto linaondoka.

Joto la ndani likiwa kati ya nyuzi 35 na 32, mwili bado unapigana. Mtu hutetemeka sana, moyo huenda mbio, na ngozi hubadilika rangi na kuwa baridi. Vidole hufa ganzi, hata kushika kamba au kufunga kifungo humshinda. Maneno huanza kukwama.

Likishuka kati ya nyuzi 32 na 28, dalili hugeuka. Kutetemeka hupungua na hatimaye hukoma, na hapo wenzake hudhani amepata nafuu, kumbe mwili umeishiwa nguvu. Huonekana kama mlevi: hujikwaa, husema ovyo, husinzia. Moyo hupunguza kasi, na mapigo yanaweza kupoteza mpangilio.

Chini ya nyuzi 28, mtu kwa kawaida huwa amezirai. Pumzi huwa chache na mpigo wa mkononi ni vigumu kuusikia. Msuli wa moyo uliopoa hupitisha umeme wake polepole na huwa mwepesi kushtuka. Kitu kidogo tu kinaweza kuufanya utikisike ovyo bila kusukuma damu, na hali hiyo ikiendelea bila matibabu ni kifo.

Katika maji yenye joto la Ziwa Victoria, kufikia kiwango hicho cha mwisho huchukua saa nyingi, na wengi huishiwa nguvu na kuzama kabla. Hata hivyo, kile kiwango cha kwanza na cha pili ni hatari tosha, kwa kuwa mtu aliyekufa ganzi hawezi tena kushikilia mtungi wala kuweka kichwa juu ya maji.

KWA NINI WENGINE HUANGUKA BAADA YA KUOKOLEWA

Waokoaji wamewahi kushangaa kuona mtu aliyekuwa akizungumza majini akizirai mara tu anapovutwa botini. Kuna sababu tatu.

Kwanza, mtu akiwa wima ndani ya maji, uzito wa maji hukandamiza miguu na tumbo na kusaidia kurudisha damu moyoni. Akivutwa juu ghafla akiwa wima, kikandamizo hicho huondoka, damu huteremka miguuni, na moyo uliochoka hukosa damu ya kusukuma. Pili, joto la ndani huweza kuendelea kushuka kwa muda hata baada ya kutoka majini, kwa kuwa mikono na miguu bado ni ya baridi kuliko kifua. Kumtembeza au kumsugua viungo huharakisha damu hiyo baridi kuurudia moyo. Tatu, moyo uliopoa hauvumilii misukosuko. Kumburuta mgonjwa, kumtupa sakafuni mwa boti au kumkalisha katikati ya abiria wawili kwenye bodaboda kunaweza kuvuruga mapigo yake.

Mtu wa namna hii anafaa kutolewa majini akiwa amelala kadiri inavyowezekana, abebwe taratibu, na alazwe chali. Hata hivyo, kama hapumui, haraka inatangulia upole: atolewe kwa njia yoyote iliyo karibu.

BARIDI INAPOOKOA, NA INAPOSHINDWA

Duniani kuna kisa kinachojulikana sana na madaktari. Mwaka 1999, karibu na mji wa Narvik nchini Norway, daktari Anna Bågenholm kutoka Uswidi alianguka akiteleza kwenye theluji, akanaswa chini ya barafu ya kijito kwa dakika 80. Kwa takriban dakika 40 za mwanzo alipata hewa kidogo chini ya barafu, kisha akanyamaza. Alipofikishwa hospitalini Tromsø, joto la mwili wake lilikuwa nyuzi 13.7 na moyo haukuwa ukipiga. Madaktari walizungusha damu yake katika mashine na kuipasha joto hadi moyo ukarudi. Baadaye alirejea kazini.

Aliokoka kwa sababu maji ya barafu yaliupoza ubongo wake kabla moyo haujasimama. Ubongo uliopoa sana huhitaji oksijeni kidogo mno. Kisa hicho ndicho kinachowafanya madaktari wa nchi za baridi wasiharakishe kusema mtu amekufa kabla hajapashwa joto.

Ziwa Victoria halitoi kinga hiyo. Mtu aliyezama hapa na kukosa hewa huwa bado ana joto, na ubongo wake unaendelea kudai oksijeni kama kawaida. Kwa upande mwingine, mtu mwenye hewa anaweza kustahimili muda mrefu. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018, watu 228 walifariki. Siku mbili baadaye, fundi mmoja alipatikana akiwa hai ndani ya meli hiyo, mahali palipokuwa na hewa. Katika maji ya Norway asingeweza kuishi siku mbili. Katika ziwa hili, aliye na pumzi ana saa kadhaa, na asiye na pumzi ana dakika chache tu.

LA KUFANYA MTU ANAPOTOLEWA MAJINI

1. Usigeuke wa pili kuzama. Mrushie anayezama kamba, kafi, ubao au mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko. Ingia majini tu kama umefunzwa na una kitu cha kuelea.

2. Mlaze chali mahali tambarare, mwite kwa sauti, angalia kama kifua kinapanda na kushuka. Tuma mtu mwingine apige 999 au 112 na atafute gari.

3. Kama hapumui kawaida, inua kidevu na uinamishe kichwa nyuma kidogo, bana pua yake, funika mdomo wake kwa wako na upulize hadi kifua kipande. Mafunzo mengine huelekeza pumzi 2 za kwanza, mengine 5. Jambo la msingi ni kuanza na hewa.

4. Kisha weka mikono katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu mara 30, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mpe pumzi 2, kisha 30 tena. Kwa mtoto, kandamiza theluthi moja ya kina cha kifua. Badilishaneni kila baada ya dakika 2, na msikome hadi apumue au mhudumu wa afya afike.

5. Povu likitoka mdomoni, usipoteze muda kulifuta, endelea kumpulizia. Akitapika, mgeuze kwa ubavu, safisha mdomo, mrudishe chali na uendelee.

6. Kama anapumua lakini hana fahamu, mlaze kwa ubavu na umwangalie wakati wote.

7. Kama ana fahamu, mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa taratibu au uzikate, mkaushe bila kumsugua, na umfunike kwa blanketi, leso au magunia makavu, pamoja na kichwa. Karatasi ya nailoni juu ya blanketi huzuia upepo. Mtu mwenye joto anaweza kulala kando yake. Akiwa macho kabisa na anaweza kumeza, mpe chai ya moto kiasi yenye sukari nyingi.

8. Mpeleke hospitalini hata kama anasema yuko sawa. Maji machache mapafuni yanaweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye, na moyo uliopoa huhitaji kupimwa kwa mashine.

YASIYOFAA KUFANYWA

Kumning'iniza kichwa chini, kumviringisha juu ya pipa au kumkandamiza tumbo ili atapike maji ni desturi iliyoenea katika fuo nyingi. Maji mengi yanayotoka hivyo ni ya tumboni. Wakati huo moyo unaendelea kukosa hewa, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni.

Kumweka karibu sana na moto huweza kuunguza ngozi iliyokufa ganzi, na huvuta damu kwenda kwenye ngozi huku moyo ukiihitaji. Kumpa chang'aa au pombe yoyote humfanya ahisi joto la uongo: pombe hutanua mishipa ya ngozi, na joto lililobaki hutoroka. Kumtembeza ili achangamke huuongezea moyo mzigo.

KWA WAHUDUMU WA AFYA

Vipimajoto vingi vya kawaida havisomi joto la chini sana, kwa hiyo dalili za mgonjwa zisipuuzwe kwa sababu ya namba. Mpigo wa mtu aliyepoa unaweza kuwa wa polepole mno, na hufaa kutafutwa kwa hadi dakika 1 nzima. Chini ya nyuzi 30, dawa za moyo na mashine ya kuushtua huweza zisifanye kazi inavyotarajiwa hadi mwili upashwe joto. Maji ya mshipani yawe ya vuguvugu, na mgonjwa asafirishwe akiwa amelala.

KABLA YA KUINGIA MAJINI

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni mwaka 2021. Mwaka huohuo, Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kila mwaka ya kuhamasisha watu kuzuia vifo hivyo.

Jaketi la kuokolea maisha lililovaliwa na kufungwa hufanya kazi mbili. Huweka mdomo juu ya maji, na humwezesha aliyevaa kutulia bila kupiga mbizi huku na huko na kumaliza joto. Jaketi lililokaliwa kama mto halimsaidii mtu. Mtumbwi ukipinduka, ni heri kubaki nao na kuupanda juu kadiri inavyowezekana kuliko kuogelea kuelekea taa za mbali. Nguo zisivuliwe. Mwenye jaketi akunje magoti hadi kifuani, na walio wengi wakumbatiane, watoto wakiwa katikati.

Manahodha na wanachama wa BMU wanashauriwa kufuatilia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kabla ya boti kuondoka, na kuacha ufuoni majina ya walioingia ziwani pamoja na saa wanayotarajiwa kurudi. Boti isiyotafutwa hadi asubuhi humaanisha saa nyingi za kupoa.

Hatari hii haiishii ziwani. Kwa wakazi wa Mamboleo, Kajulu na nyanda za Kano, mito kama Kibos na Nyando huteremka kutoka vilima vya Nandi na hufurika msimu wa mvua, na maji hujaa katika machimbo ya mawe na ya matofali. Shimo la maji karibu na boma lizungushiwe ua, na mtoto asivuke mto uliofurika peke yake.

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za afya za kaunti, zikiwemo ambalansi, na usimamizi wa majanga ni majukumu ya serikali za kaunti. Lakini hakuna ambalansi inayoweza kufika Ogal au Dunga ndani ya dakika 4 baada ya mtu kukosa pumzi. Dakika hizo ziko mikononi mwa aliye karibu: mvuvi, muuza samaki, mwendesha bodaboda, mwanafunzi. Kila ufuo unahitaji watu kadhaa wanaojua kupuliza hewa na kukandamiza kifua. Mkazi anayetaka kujifunza aulize katika kituo cha afya kilicho karibu naye, au kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake.

Nambari za dharura: 999 au 112.